Somo la Kufunga Mdomo

Katika mafunzo ya afya ya akili hapa Gesima tulifundishwa hivi: keti na mwenye huzuni, funga mdomo, sikiliza. Kwangu hiyo ni adhabu. Hata michai shambani imechoka na maneno yangu.

Nikaenda kwa jirani yangu Nyanchera, ambaye hakuwa ametoka chumbani tangu tumzike mumewe. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Kimya kikanishinda, nikaanza kumweleza habari za magoti yangu na za mke wa mwanangu Mose, mpaka machozi yakanitoka mimi. Nyanchera akainuka, akawasha moto, akanipikia uji wa wimbi.

"Pole, Mama Mose," akasema. "Kesho uje tena."

Mwalimu aliponiuliza nilitumia mbinu gani kumwinua, hapo ndipo nilipoweza kunyamaza.