Picha ya Mwenzangu kwenye Ukurasa wa Timu

Kwa siku tatu mkufunzi aliyetoka Goma alitufundisha namna ya kuwashawishi wenye mtaji, katika ukumbi wa hoteli moja ya Butembo wenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Slaidi kumi, zisizidi. Maneno machache, herufi kubwa. Anza na tatizo, halafu suluhisho, halafu soko, halafu hatari na namna utakavyozikabili, mwisho timu. Nilikuwa nimenunua na kukausha kakao ya Mbau, upande wa Beni, kwa miaka sita, na sikupenda kufundishwa na mtu ambaye viatu vyake havijawahi kuona tope la kwetu. Lakini niliandika kila alichosema. Nilihitaji banda la kukaushia, lenye paa la plastiki linalopitisha mwanga, maana mvua za Beni zilikuwa zikiniozeshea mzigo juu ya maturubai. Msimu mmoja mwingine wa namna ile ungenifungia kazi, na sikuwa na kazi nyingine.

Slaidi nyingine nilizimaliza upesi. Ya timu ndiyo iliyonikwamisha. Mkufunzi alipita nyuma yangu, akaona picha yangu peke yake katikati ya ukurasa, akainama.

"Mutu moya haiko équipe," alisema. "Benye feza batakuuliza: siku ukigonjwa, kazi itabaki na nani?"

Swali lilikuwa la haki, ndiyo maana lilinikera. Nilimjibu kwamba bado sijamaliza.

Kazi ile tuliianza wawili. Mwenzangu alikuwa mtoto wa wafanyabiashara Waislamu wa Beni, mimi mtoto wa wakulima Wakatoliki waliohamia Butembo kutoka Luofu. Tulijuana chuoni, tukazoeana kwa kubishana. Watu walisema kuna jambo kati yetu. Halikuwepo, au kama lilikuwepo, sisi wawili tulikuwa wazito wa kuliona. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia mashambani kununua kakao mbichi. Mimi nabaki Beni kuichachusha na kuianika. Jioni tulikuwa tunakaa juu ya magunia, tunagombania bei ya kesho yake, na sasa naona kwamba ile ndiyo iliyokuwa saa yangu nzuri ya siku.

Asubuhi moja alipanda pikipiki kwenda Oicha, akauawa njiani na watu wenye silaha waliotoka msituni, yeye na aliyekuwa akimwendesha. Siku ile nilikuwa Butembo kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Habari iliponifikia, barabara ilikuwa imefungwa. Waislamu hawamcheleweshi maiti wao. Barabara ilipofunguliwa kesho yake, alikuwa ameshazikwa. Sikumwona akiletwa, wala sikukaa na wanawake wa nyumba yao wakati wa kulia. Kwangu mimi alikuwa ametoka tu kwenda Oicha, na ilikuwa miaka miwili sasa.

Basi nikaichukua picha yake kutoka kwenye simu, ile aliyoshika tunda la kakao lililopasuliwa, nikaiweka kando ya yangu. Chini yake nikaandika: Mkuu wa manunuzi. Ukurasa ukajaa, nikaona raha. Raha ile naionea haya hadi leo. Mkufunzi aliporudi alitikisa kichwa kuonyesha amekubali. Aliusifu pia ukurasa wangu wa hatari, ambamo niliandika mvua, bei inayopanda na kushuka, na magonjwa ya miti. Kila moja nilikuwa nimeiwekea dawa yake.

Siku ya kujieleza, wiki moja baadaye, walikuja watu watano wa kusikiliza, wote wafanyabiashara wa Butembo na Beni. Watu hawa hawasomi ukutani. Wenzangu walikuwa wakionyesha michoro yao ya rangi, na wale wazee wanamtazama msemaji mikono na uso, kama wanavyomtazama mtu anayewaletea ng'ombe wa kuuza. Hakuna aliyeandika kitu. Zamu yangu ilipofika nilisema vizuri. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya ukuta kwa wiki nzima. Nikafika kwenye timu. Nikataja cheo changu, nikataja cha mwenzangu, nikatia kidole kwenye kitufe ili niondoke hapo haraka.

"Rudisha," alisema mmoja wao. Alikuwa mzee wa kofia iliyofumwa, mwenye malori yanayopita njia ya Beni na Oicha. Nilirudisha. Aliitazama picha kwa muda, halafu akanitazama mimi. Hakupandisha sauti.

"Mutoto yangu, uyu mutu wa pili, tulimuzika. Miye nilikuwa kati ya bale balimubeba."

Mkufunzi wetu alianza kutazama waya za projekta. Nilitamani nikasirike, kwa sababu hasira naiweza, lakini haikuja.

"Kwa ile page ya risques," mzee aliendelea, "uliandika mvula na bei. Kile kilimuua iko wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwa kuwa hakuna kingine kilichonijia. "Papa, sikukuwa na mutu mwengine wa kutia."

Kisha akasema, "Donc sema ile hukuandika."

Nilizima projekta. Nikawaeleza kwamba tangu mwenzangu afe sijawahi kuingia shambani, na sitamtuma mtu aingie kwa niaba yangu. Nilieleza habari za wamama wa Mbau: niliwapa masanduku ya mbao, nikawafundisha kuichachusha kakao nyumbani kwao na kuifunika kwa majani ya migomba, wakaanza kuianika uani, na mimi naichukua kando ya barabara siku ya soko, asubuhi, nikamalizie Beni. Barabara ikifungwa siku mbili, kakao ya namna hiyo inaweza kungoja. Ile mbichi ya zamani haikuweza. Kuna wiki naambiwa nisije, na siji. Nilieleza pia kwamba wamama wale wenyewe bado wanaingia mashambani, kwa makundi, na wanarudi kabla ya adhuhuri, na kwamba kwa hilo sina dawa. Niliongea ovyo, nikirudiarudia, bila herufi kubwa hata moja. Watatu kati yao walikuwa wametoa kalamu.

Tangu siku ile watu wananiuliza ni slaidi gani iliyowashawishi. Wanakuja na kompyuta zao, wananionyesha rangi walizochagua. Nawaambia waandike kile ambacho kila mtu ukumbini anakijua tayari. Wanaitikia, halafu wanarudi kuchagua rangi.

Tulipotoka nje mzee alikuwa akimngoja dereva wake. Nilimwomba msamaha kwa ile picha. Alisema msamaha niuombe kwa mwenye picha, na kwamba kama nataka jibu lao, nitume upya zile kurasa. "Tosha sura yake. Na usitie mwengine wa kujaza nafasi." Nilikubali. Kisha nikamwuliza jambo nililokuwa sijamwuliza mtu yeyote, maziko yalikuwaje. Alinieleza polepole: waliomba dua wakiwa wengi, mdogo wa marehemu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, udongo ulikuwa laini. Nilisikiliza nikitazama pikipiki zikipanda mlima. Dereva alipofika, mzee alinipa mkono akaenda zake.

Picha niliitoa kesho yake. Uso wangu ukabaki peke yake, nami sikuusogeza katikati. Nikatuma.

Jibu lilichukua wiki tatu. Nilikuwa Beni, nimepiga magoti kwenye maturubai nageuza kakao kwa mikono, simu ikalia. Mzee aliniambia kwamba yeye na wenzake wawili wamekubali, fundi wa banda atakuja mwezi ujao. Nilimshukuru mara nyingi kuliko inavyopasa. Kwake kulikuwa na kelele za watu, mtu akicheka, vikombe vikigongana, na nadhani alisikia upande wangu ulivyokuwa kimya.

"Habari mzuri hapana pokea peke yako," alisema. "Uko na nani apo?"

Niliyatazama maturubai, ukuta wa nyuma, na magunia yaliyopangwa kando yake, yasiyokaliwa na mtu.

"Niko na batu, Papa."

Alifurahi, akasema niwasalimie wote. Safari hii aliniamini.