Mhogo wa Bibi, Khuwair ya Kusini

Enzi zetu, sie tuliokulia Khuwair ya Kusini, kule Maskati, mhogo ulikuwa jambo la kuruka na kupiga makofi. Juzi mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu mzee wa Kiashaninka, watu wa misitu ya Peru: kanzu ndefu ya pamba, uso kaupaka rangi nyekundu ya zingefuri, anang'oa mhogo na wajukuu wamemzunguka. Nilisimama kwenye kochi! Bibi yangu mtupu yule.

Bibi alikuja na vijiti viwili vya mhogo kutoka Unguja, kavificha ndani ya khanga katikati ya sanduku. Akavichomeka uani, akawa anatawadhia hapo hapo ili maji yasipotee bure. Sie tukigombania kumshikia birika. Kila asubuhi ukishamwamkia chechei ukambusu mkono, unatimua mbio kutazama jani jipya, gari ya skuli inapiga honi nje.

Baba naye kanunua gari mpya, anautaka uwa autie saruji na paa, gari isiungue jua. Akampa Bibi, mama yake, muda mpaka Idi: mhogo usipozaa, saruji inamwagwa.

"Mama, Maskati haioti mhogo."

"Mbona weye umeota?"

Tulivunjika mbavu, lakini tukijua si mzaha. Mhogo ukikosa, Bibi hana tena mahali pake nyumba ile, ila zulia na televisheni.

Siku ya kung'oa, Bibi kajifunga kibwebwe, hataki msaada. Kijiti cha kwanza, mizizi mitupu. Cha pili kikatoa mhogo mmoja, mwembamba, umepinda. Baba akatabasamu. Bibi akaupika kwa tui la nazi, harufu ikajaa mtaa, akatugawia vipande vya kulambia vidole. Baba akatia chake mdomoni. Alitafuna pole pole, halafu akatoka nje kuwaambia mafundi wa saruji, waliokuwa wakingoja, wende zao. Gari yake ililala juani mpaka ikapauka.

Watoto wa leo! Mhogo wanaununua wa barafu, wanautia tomato, macho kwenye simu. Chechei wananitumia kwa kikatuni, na tuko nyumba moja. Nnawacheka, lakini tangu kumwona mzee yule nna hamu ya kijiti changu mwenyewe. Nimeizunguka nyumba yetu yote hapa Bawshar. Gari tatu zimelala kivulini, na udongo wa kuchomeka kijiti hapana.