Mvuke wa Mzee Pasi

Mzee Pasi alikuwa dobi, na mvuke ndio ulikuwa maisha yake. Miaka thelathini amenyoosha mashati ya watu wanaokwenda harusini, yeye mwenyewe haalikwi hata moja. Basi binti yake alipomsihi aache sigara, akaapa kwamba moshi hautaingia tena kinywani mwake. Na kweli, haukuingia! Alinunua sigara ya umeme yenye ladha ya stroberi, akajiona mjanja. Mvuke tu jamani, kama wa pasi.

Binti, ambaye ni muuguzi, alimtoa tongotongo kwenye simu.

"Baba, usijidanganye. Waya wa ndani unapata moto, yale maji ya ladha yanageuka mvuke, na nikotini imo humo humo. Ukivuta inafika mapafuni, inaingia kwenye damu, kufumba na kufumbua iko kwenye ubongo. Inagusa pale panapoleta raha. Raha ikiisha, ubongo unadai nyingine."

"Kumbe ina mbio hivyo?"

"Sekunde chache tu. Sasa sikiliza: Jumamosi namleta mjukuu wako akae nawe likizo nzima. Lakini ana pumu, baba. Nikikuta bado unavuta, narudi naye."

Likizo nzima! Mzee alikifungia kidude kile ndani ya kopo, akalisukuma juu ya kabati. Siku nne macho yalikuwa juu ya kabati, akaunguza hadi kola ya mteja. Akavumilia. Akatandika kitanda cha pili, ambacho hakijalaliwa tangu mkewe afariki.

Jumamosi ikafika. Walisema watawasili saa nne. Saa nne ikapita. Akapiga simu, haipatikani. Saa sita, saa nane. Chumba kimya, nguo za watu zimening'inia. Upweke ulimkaba, na upweke si mchezo. Hapo akakumbuka kwamba kuna kitu kimoja kinachomwitikia ndani ya sekunde chache. Akashusha kopo. Akavuta mara moja, moja tu. Kichwa kikatulia.

Mlango ukagongwa.

"Baba, tusamehe! Basi limeharibika njiani, na simu imeisha chaji!"

Mjukuu akamrukia shingoni, akamnusa, akacheka. "Mama! Babu ananukia stroberi!"

Binti alikuwa ameshainama kufungua begi. Akafunga zipu.

"Tutakunywa chai, baba, halafu tutaondoka," alisema kwa sauti ya chini.

Mzee Pasi akabandika maji. Alipogeuka, mjukuu alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili, anavua viatu.