Kwelea, Wareno na Mama Yangu

Kelele za kwelea huanzia mbali, kama mvua inayopiga bati la jirani kabla haijafika kwenu, halafu unashtuka ziko kichwani kwako na jua limefifia. Hata leo nikiwa kazini Nyakato, kiwanda cha jirani kinapowasha mashine zake asubuhi, mkono wangu hutafuta debe la kupiga. Nilikuwa na miaka kumi msimu ninaousimulia. Mpunga wa majarubani kwetu, upande wa Misungwi unaoteremkia ziwani, ulikuwa ndio kwanza unaingia maziwa, na hakuna anachokipenda kwelea kama punje changa yenye maziwa. Ni ndege mdogo, anatoweka ndani ya ngumi ya mtoto. Watu wa mjini walikuwa wanatucheka wakisikia tunashinda roho juu kwa ajili ya kiumbe kama kile. Mmoja si kitu, kweli. Tatizo ni kwamba haji mmoja, na wakishuka asubuhi kwenye jaruba, saa nne unakuta mabua yamesimama wima na hayana kitu.

Msimu ule ndio niliacha kumwonea mama yangu aibu, na sitaficha kwamba nilimwonea. Mama ni Mmakonde wa Msumbiji. Baba alikuwa dereva wa lori, na katika miaka ya vita vya ukombozi alipeleka vyakula hadi mpaka wa kusini. Alirudi na mke mwenye chale mashavuni, asiyejua Kisukuma hata neno moja. Bibi, mama yake baba, hakumwita mkwe wala hakumwita kwa jina. Alimwita "yule wa mpakani", na shuleni wenzangu walijichora chale kwa mkaa ili wanicheke, mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe. Mwaka ule Bibi alitamka mbele ya wanawake wote wa kundi lao la kulimiana kwamba tangu yule aingie nyumbani, kihenge chetu cha nafaka hakijajaa, na mpunga ukiliwa tena, atamwambia mwanawe amrudishe kwao. Baba alikuwa safarini na lori lake, wa kumtetea hayupo. Kwa hiyo mimi nilijua jambo moja tu: kwelea wakishinda, mama anaondoka.

Nasi tulivyowapiga vita wale kwelea, sasa ndipo naona, ilikuwa ni kuwalisha. Kila nyumba ilikuwa na kazi yake ya kuamia, yaani kufukuza ndege shambani tangu kuche hadi jua lizame. Kila mtu na jaruba lake, debe lake, kombeo lake. Ukiwafukuza kwako wanatua kwa jirani, na wewe unakaa chini unapumua, tena unacheka kidogo, kwa sababu jirani huyo jana alikuletea yeye. Jirani naye anaruka na debe, kundi linarudi kwako. Tulikuwa hata na matusi ya kuambatana na kila zamu. Ndege walizunguka hivyo kutwa nzima, wakila huku na kule, na jioni wakaondoka wameshiba kwenda kulala. Sisi tulikuwa hoi, sauti zimekauka, na kila mmoja anajisifu kwamba kwake hawakukaa sana. Kidole kimoja hakivunji chawa, methali hiyo tuliijua wote, lakini tuliisema kwenye harusi tu.

Ndipo tukasikia inakuja ndege ya serikali kumwaga dawa. Shule ilifungwa mapema ili tukaione. Ilitokea upande wa mjini, ikashuka chini hadi tukaona kofia ya rubani, ikamwaga moshi mweupe juu ya kichaka cha miiba kule juu ya bonde, ikapinda vizuri, ikamwaga tena. Wanaume walipiga makofi. Mama hakupiga. Alisimama mlangoni mwa jikoni, mkono mmoja umeshika mwimo. Alisema taratibu, kama anaongea na mwiko, "Walihama pale tangu wiki iliyopita. Mbona hawakuuliza?" Kesho yake asubuhi kelele zilikuja kama kawaida. Chini ya kichaka tuliokota njiwa, kunguru wawili na korongo mmoja. Kwelea hatukumwona hata mmoja.

Jioni hiyo mama alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono niwe mkalimani wake, akaenda kwa Bibi alipokuwa amekaa na wenzake wakichambua mboga. Alipiga goti. "Shikamoo mama." Bibi aliitikia marahaba huku akiangalia majani. Mama akasema alikuwa msichana mdogo alipobeba risasi kichwani kwa ajili ya wapiganaji wa msituni, na Wareno walikuwa na ndege, magari ya chuma na redio. "Walipiga bomu pale tulipolala jana. Siku zote pale pa jana. Walikuwa na kila kitu, ila hawakuwa na mtu wa kuwaambia ukweli, maana waliwachomea watu vijiji vyao. Sisi tulikuwa na watu. Kwenye kila nyumba tulipata uji, tulipata pa kuegesha kichwa. Siri yetu yote ilikuwa hiyo." Nilimtafsiria Bibi kwa Kisukuma, neno kwa neno. Halafu akasema maneno ambayo wanawake wale waliyarudia kwa miaka: "Mama, hawa ndege ni sisi. Nawajua. Ukiwapigia kelele hawaogopi. Wanyimeni chakula wote kwa pamoja, wakati mmoja, na wanyimeni usingizi. Wataondoka wenyewe."

Bibi aliacha kuchambua mboga. Alikuwa mwanamke mkali, na sijamsikia akikiri kosa maisha yake yote, hata siku hiyo. Aliuliza swali moja tu kwa Kisukuma, bila kunitazama: wanalala wapi? Mama hakungoja nitafsiri. Alinyoosha kidole ziwani, kwenye matete.

Kumbe alikuwa amewafuatilia siku nyingi, peke yake, anasema anakwenda kuchota maji. Kuanzia siku iliyofuata Bibi aligawa watu kama anavyogawa wa kulima. Hakuna kupiga debe mpaka filimbi ilie, na ikilia wanapiga wote, bonde zima, kutoka jaruba la kwanza hadi la mwisho, kwa hiyo kundi likaruka likakosa pa kutua. Waliokuwa wamenuniana walilazimika kusimama tuta moja. Na jua lilipokaribia kuzama tulishuka mateteni na madebe na mapanga. Watoto tuliogopa mamba. Mama alitangulia na fimbo ndefu, akigonga maji na kusikiliza, hatua moja, anasikiliza, hatua nyingine, na wanawake wazima waliozaliwa kando ya ziwa lile walikanyaga pale pale alipokanyaga yeye. Nilikuwa nyuma yake. Niliangalia shingo yake na nikasikia kifua changu kimejaa, nikatamani wale wa mkaa usoni wawepo wote waone. Walikuwepo, kumbe. Walikuwa nyuma yangu wameshika kanga za mama zao.

Tuliwaamsha hivyo jioni tano, na wanaume wakafyeka matete upande wa kwetu. Siku ya sita kundi lilizunguka juu ya bonde mara mbili, likanyooka kuelekea ng'ambo ya maji, Busisi, halikurudi. Watu walicheza. Mama alikaa juu ya tuta peke yake akiwaangalia hadi wakawa vumbi, nami nilimsikia akiwaambia kwa Kimakonde maneno machache. Nikamwuliza amesema nini. "Nimewaambia poleni," akasema. "Mtu akikufukuza usiku na mchana unachoka sana, mwanangu." Nililia, sikujua kwa nini, naye akanifuta kwa pindo la kitenge.

Mpunga hatukuvuna wote, uongo ni dhambi, lakini kihenge kilifika shingoni. Kwetu mbegu ya msimu ujao huiweka mwanamke mkubwa wa nyumba, na hagusi mwingine. Bibi alipeta ile mbegu mwenyewe, akaifunga kwenye kibuyu, akavuka uwanja mbele ya watu akamwekea mama mapajani. "Wabeja, mkwe wangu," alimshukuru, akarudi kukaa. Baba aliporudi wiki mbili baadaye alikuta hakuna kesi ya kusikiliza.

Bibi amekwisha kutuacha. Kivuko cha Kigongo tulichokuwa tukikisubiri nusu siku kimeliachia daraja nafasi, unaliona refu kutoka majarubani, na mimi nalivuka bila hata kupunguza redio. Mwaka huu kwelea walirudi. Nilikuwa nyumbani alipofika kijana mtaalamu na sanduku lake, ndani kuna ndege isiyo na rubani, ndogo kama meza ya chai, ya kumwagia dawa. Mama, macho yake sasa hafifu, alikuwa anaanika dagaa. Nilidhani kijana ataanza kuipanga mashine yake uwanjani. Aliiacha langoni, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo bibi. Kijiji kizima kimeniambia nisirushe kitu kabla sijamwuliza Bibi wa Mpakani wanalala wapi."

Mama alifuta mikono, akamsogezea kigoda. "Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Kaa. Wewe umeuliza."