Mdogo Wake Hayumo Daftarini

Kwa miaka ishirini na sita mzee huyu aliandika habari za wafungwa bila kuajiriwa na mtu. Riziki yake ilitoka kwenye mizani ya ghala la nafaka, alikopima magunia mpaka mgongo ukapinda, na kusoma alijifundisha mwenyewe kwa kufuatisha herufi zilizopigwa chapa kwenye magunia hayo. Jumapili alasiri alifungua chumba nyuma ya duka la fundi viatu, akaketi mezani na wenzake wawili, mwalimu mstaafu na mkunga, wakapokea jamaa za waliofungwa. Mtaani walimwita Daftari.

Siku hizo kazi ilikuwa na adabu yake. Aliyeingia analia aliachwa alie mpaka amalize. Ndipo alipoulizwa: mtu wenu analala juu ya nini, anakula mara ngapi, nani alimpiga, kwa kitu gani. Jibu la mtu mmoja halikutosha. Alitafutwa wa pili aliyemwona mfungwa kwa macho yake, akaulizwa peke yake. Na mwandishi hakuruhusiwa kumwandika ndugu yake wala kumtembelea gerezani, asije akalitia daftari zima doa.

Kwenye ukurasa wa kwanza Daftari mwenyewe alikuwa ameandika nani aitwe mfungwa wa kisiasa: ni yule aliyefungwa kwa alichosema au alichoandika, na ambaye hakumwinulia mtu mkono. Kwa mstari huo aliwarudisha wengi. Alimrudisha hata mjane ambaye mwanawe alimrushia askari jiwe. Mjane alifunga kitambaa chake vizuri, akashukuru, akaenda zake. Wasioandikwa hawakuulizwa hata kama walikuwa wanakula.

Kisha mwalimu akafariki, na mkunga akachukuliwa na binti yake kwenda kuishi mbali. Kazi ikahamia ofisi ya ghorofani ya chama cha kutetea wafungwa, kwa vijana wenye haraka zao. Siku hizi watu hutaja machungu yao wakiwa wamesimama, kama wanaosajili laini ya simu, na hakuna anayejua mgeni ametoka kwa nani.

Miezi minne iliyopita mdogo wake Daftari, fundi bomba, alikamatwa. Alikuwa amesimama juu ya ngazi akiwahutubia mafundi wenzake kuhusu haki zao kazini. Askari walipopanda kumshusha, alimsukuma mmoja, naye akaporomoka ngazini na kuvunjika mkono. Fundi akapewa miaka mitatu. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni, na daktari wa chama aliruhusiwa kuwaona walio kwenye orodha ya wafungwa wa kisiasa tu.

Mke wa fundi alikuja kwa Daftari mara tatu kumwomba amwandike. Mara ya tatu hakukaa.

"Shemeji," alisema, "umeandika watoto wa watu mpaka kalamu zimekuishia. Huyu wa kwenu mmoja ndiye anakushinda?"

Alhamisi Daftari akapanda ngazi za ofisi. Mwandishi hamwandiki nduguye, basi ilibidi ashike nafasi ya mwenye shida na aulizwe na mwingine. Aliyemuuliza alikuwa binti mmoja mwenye fomu ndani ya simu. Kabla hajajibu lolote, mzee alimfundisha kwamba mgeni huulizwa kwanza ametoka wapi.

"Haya, babu, umetoka wapi?"

"Hapo nyuma ya soko."

"Karibu hivyo? Si ungekuja hata na kandambili," binti alisema, na mzee karibu acheke.

Wakaenda vizuri mpaka binti alipouliza kama mfungwa alimwinulia mtu mkono. Daftari akataka kujua ni nani aliyetunga swali la kijinga namna hiyo.

"Limetoka kwenye daftari lako. Tulilinakili neno kwa neno." Binti alishusha sauti. "Nikiliruka, babu, fomu haikatai."

Mzee alitazama mikono yake. Alifikiria kifua cha mdogo wake. Alimfikiria na yule mjane.

"Andika ndiyo. Askari alivunjika mkono."

Binti akaandika, na hapo fundi akaikosa orodha, na daktari akamkosa pia. Lakini maswali hayakuisha. Binti alieleza kwamba siku hizi hali ya gerezani huandikwa kwa kila mfungwa, hata mwizi wa kuku. Akasoma: analala juu ya nini?

Swali hilo mzee alikuwa amewauliza mamia ya watu.

"Sijui."

Anakula mara ngapi? Hajui. Amepigwa? Hajui.

"Ulimwona lini mara ya mwisho, babu?"

"Sijamwona tangu akamatwe," alisema Daftari. "Ndio utaratibu wetu."

Wenzake mzee aliotunga nao utaratibu huo hawakuwepo tena, na yeye peke yake alikuwa bado anautii.

Jumamosi alisimama foleni ya gereza. Mdogo wake aliletwa nyuma ya wavu, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku.

"Kaka, umepotea sana."

Mzee hakumficha. Alimwambia kwamba daktari haji, kwa sababu imeandikwa alimvunja mtu mkono, na aliyesema hivyo ni yeye nduguye. Fundi alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akashika wavu mpaka kikapita.

"Ningeshangaa ungedanganya," alisema, na wala haikujulikana kama ni sifa au tusi.

Kisha mzee akauliza kitu pekee alichojua kuuliza.

"Unalala juu ya nini?"

Mdogo wake alimtazama sana. "Unaniulizia ofisi au unaniuliza wewe?"

"Nakuuliza mimi."

Fundi akaanza kumweleza, polepole, kuanzia usiku wa kwanza. Daftari alisikiliza, kipaji cha uso kimegusa wavu, mpaka askari alipomgonga begani kumwambia kwamba muda umekwisha, na walikuwa bado hawajafika hata kwenye chakula.