Kukuna na Kungoja

Nakumbuka alasiri moja pale Kaole, mwanangu, mkono wa mtoto uliponichanganya akili kuliko mitihani yote ya chuo cha ualimu nilichokuwa nimemaliza.

Kifungua mimba wangu, Haji, alikuwa na miaka minne. Hakuwa akisema, na ukimwita hakugeuka. Siku hiyo shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kutujulia hali. Nikamshurutisha Haji amwamkie, nikimtamkia shikamoo tena na tena, mpaka akaziba masikio.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," shemeji akasema. "Unafundisha wa watu, wako hajui hata shikamoo. Ijumaa namchukua, akakae na mimi shambani Makurunge, apate adabu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alipoondoka nilikaa nikiwaza. Ni jini? Ni maziwa yangu? Au ni kule kusoma sana nikiwa na mimba? Kila jibu lilizaa swali.

Mama mkwe alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, Haji amechuchumaa akitazama nazi nyeupe ikidondoka kwenye sinia. Mkono ukamchoka mama, akaacha. Haji akaushika, akaurudisha kwenye nazi, kisha akamtazama usoni.

"Umeona, mama?" nikamuuliza.

"Nimeona. Nilichokiona ndicho sikijui."

Tukajaribu tena. Tukakuna, tukaacha, tukangoja kimya. Akatushika tena.

Ijumaa shemeji akaja. Mama mkwe akamwonyesha mbuzi.

"Kaa ukune."

"Mama, mwanamume mimi?"

"Nazi haijui hayo. Kuna, kisha acha, unyamaze."

Akakuna ovyo, akaacha. Haji akasogea, akaushika mkono wake, akamtazama. Shemeji akasema taratibu, "Marahaba."

Makurunge alirudi peke yake.

Mpaka leo, mwanangu, mengi ya Haji siyaelewi. Lakini ukijaaliwa mtoto wa namna hiyo, usimburure kwenye salamu zako. Kaa naye penye kile akipendacho, mshirikiane, kisha uache umngoje. Usimjibie. Na baba yake, shangazi zake na majirani wafunze kungoja, maana mlezi mmoja hatoshi. Subira yavuta heri, ingawa haisemi lini.

Mungu akupe nguvu, na hata uchovu wako aufanye heri.