Hema la Mtu Mmoja

Madereva wenzake walimwita Taratibu, na jina lilimkaa vizuri. Alishika usukani kama mtu aliyebeba yai, na katika miaka yote aliyowapeleka wapima ardhi kwenye njia za mawe na matope, hakuna abiria aliyewahi kugonga kichwa kwenye paa la gari lake. Pikapu ilikuwa yake mwenyewe. Ofisi ya upimaji iliikodi pamoja na yeye, kama mtu anunuavyo kikombe na kisahani chake. Kiangazi kikianza walitoka mjini, wakalala huko huko kazini, katika nyumba za wageni zenye vitanda vya kubana, watu watatu chumba kimoja, na asubuhi wakataniana nani kakoroma zaidi.

Kiangazi hiki Taratibu akasema halali tena na watu.

"Mgongo," alimwambia mpimaji mkuu. "Nitalala garini. Naliwekea malazi yangu, nimalize msimu kwa raha zangu."

"Taratibu na taratibu zake," mpimaji mkuu akasema, na wote wakacheka, hata yeye.

Mgongo wake haukuwa na neno. Wakati wa mvua alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi dume, na upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Daktari alimwambia mkojo utamsumbua kidogo, kisha utarudi kwenye adabu yake. Haukurudi. Mchana aliweza kuuwahi, maana kila walipofika alijua choo kiko wapi kabla hajajua mlango uko wapi. Lakini usingizini ulimtoka bila kumuuliza. Mara ya kwanza alijidanganya kuwa ni jasho. Mara ya pili hakuwa na la kujidanganyia.

Taratibu alimpa mkewe naye hadithi ile ile ya mgongo. Akasema godoro lao limekuwa laini mno, akahamia chumba cha binti yao, ambaye alikuwa ameolewa na kwenda zake. Akawa anafunga mlango kwa ufunguo. Mwanamume ambaye tangu aoe hajawahi kufua hata leso sasa alivizia mkewe atoke, akainama kwenye karai na shuka zake, anasugua huku masikio yamesimama kama ya sungura. Mtoto akikojoa kitandani ana jina, anaitwa kikojozi, watu wanacheka na jambo linapita. Mtu mwenye mvi, baba mkwe wa watu, ataitwaje? Taratibu hakutaka kulisikia hilo jina kwa mdomo wa mtu yeyote duniani, na wa mkewe zaidi ya wote.

Basi akaenda kutafuta hema. Na hapo ndipo alipoongeza kosa juu ya maradhi, kwa sababu mkewe alikuwa fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana yake: alishona makava ya makochi na viti vya magari, na cherehani yake nzito ilipita kwenye turubai kama kisu kwenye papai. Nusu ya madereva wa mtaa ule walikuwa wamekalia kazi ya mikono yake. Lakini kumwambia mkewe amshonee malazi ni kumwonyesha malazi yenyewe, na mwanamke yule alikuwa haoni kitu bila kuuliza ni cha nini. Taratibu akawasha gari, akavuka mji mpaka upande wa pili, kwa fundi mmoja aliyejulikana kama Mama Turubai.

Mama Turubai alikuwa na banda pana, bomba za chuma zimeegemezwa ukutani, na mdomo usio na kufuli. Alimtambua kuwa mume wa fundi mwenzake, akamkaribisha kwa furaha na kumtembeza.

"Hili la juu ya keria ndilo wanaume wote wanalitaka. Unalikunjua, ngazi inashuka, unalala juu kama sultani. Nyoka hakufikii, upepo unakupata."

Taratibu akaitazama ile ngazi. Akajiona anaishuka gizani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mkojo unawahi na miguu imechelewa.

"La juu silitaki."

"Basi hili la kufunga kwenye bodi. Ukishusha mlango wa nyuma, miguu inanyooka. Ila turubai yake nyepesi. Ukikohoa, jirani anakupa pole."

"Hilo nalo silitaki."

"Haya, kanopi ngumu, ya bati. Madirisha, mlango, kila kitu. Mnaenea wawili bila kugusana."

Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Wawili wakienea, kuna siku mvua itanyesha na mtu atagonga aombe kulala.

"Nataka la mtu mmoja," akasema. "La chini, lifungwe kwa ndani. Na godoro lifunikwe nailoni, lote."

Mama Turubai akaangua kicheko. "Mtu mmoja! Shemeji, umenuniwa nyumbani? Halafu nailoni itakutoa jasho, utaamka umeiva."

"Jasho langu linakuhusu nini? Kazi yako ni kushona, si kuuliza."

Aliyasema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mama Turubai akanyamaza, akaanza kukunja turubai ambayo haikuhitaji kukunjwa. Taratibu akatoka bila kuaga na kuendesha mpaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapanda tuta kwa kasi.

Siku chache baadaye binti yake akampigia simu. Baada ya salamu akasema, "Baba, kama unahama nyumbani, tuambie. Usituache tusikie kwa watu."

"Nahama kwenda wapi?"

"Sijui, baba. Wewe ndiye unayejua."

Akakata. Binti huyo hakuwahi kumkatia baba yake simu. Taratibu akabaki ameishika, anaitazama kama mtu aliyepewa kitu cha moto na hajui pa kukiweka. Kisha akaenda karakanani.

Mkewe alikuwa anashona kava la kiti. Hakuinua uso.

"Umechagua hema lipi?" akauliza.

Taratibu akatafuta kiti. Kilikuwa kimejaa vitambaa, akabaki amesimama.

"Nimekutana na Mama Turubai duka la nyuzi," mkewe akaendelea. "Kaniita mbele ya watu: shoga, mumeo ana nini siku hizi, kaja kutaka hema la peke yake na godoro la nailoni, nimemuuliza kakaribia kuniuma. Alidhani najua. Nikamwambia ndiyo, tumekubaliana, mimi nimezidiwa na kazi. Nikacheka. Unajua kucheka hivyo kunavyouma? Umeshika nyuzi, mafundi wenzako wanakutazama, na wote wanajua mume wa fundi haendi kwa fundi mwingine bila sababu."

"Ni la kazi, mke wangu."

"La kazi." Cherehani ikasimama. "Umehama chumba, nikanyamaza. Unafunga mlango, nikanyamaza. Unajifulia shuka, ukidhani kamba ya nguo haisemi, nikanyamaza. Sasa unatengeneza kitanda chako barabarani. Nimeelewa, mimi si mtoto. Kitu kimoja tu kimenishinda." Akainua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Hiyo nailoni. Mwanamke gani huyo anayelalia nailoni?"

Laiti angeuliza kitu kingine chochote, Taratibu angepata uongo wa kumjibu. Lakini hilo lilimkuta mikono mitupu.

"Hakuna mwanamke," akasema, akitazama sakafu. "Ni mimi. Tangu hospitali. Najikojolea."

Kisha mkewe akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomponyoka kama kikohozi, na akakiziba kwa kiganja mara moja. Lakini Taratibu alikuwa ameshakisikia. Ndicho alichokuwa akikikimbia miezi yote ile, na kilisikika vile vile alivyokuwa akikisikia kichwani. Akatoka, akaingia kwenye pikapu iliyoegeshwa mbele ya nyumba, akapandisha vioo na kukaa humo katika joto la mchana, jasho linamtiririka. Alitamani kuondoka, ila funguo alikuwa ameziacha karakanani.

Mkewe akafuata, akafungua mlango wa abiria na kuketi.

"Sikukucheka wewe," akasema. "Nilijua nimeachwa. Nilishaanza kufikiria nitawaambia nini ndugu zako. Uliposema ni mkojo, nilicheka kama mtu aliyeambiwa maiti si ya kwao."

Taratibu akashusha kidogo kioo cha upande wake.

"Lakini sasa nimekasirika," mkewe akasema, na kweli sauti ilikuwa imebadilika. "Uliona bora nikudhanie mhuni kuliko nikujue mgonjwa?"

"Mhuni anasemwa," Taratibu akasema polepole. "Hachekwi."

"Na mke wa mhuni je? Yule pale duka la nyuzi, alikuwa anasemwa au anachekwa?"

Katika hesabu zote za Taratibu, za ngazi na zipu na milango na nailoni, hilo halikuwamo. Alikuwa ameipima aibu yake kwa kila upande, akatafuta mahali pa kuilaza isionekane, na kumbe alikuwa ameilaza juu ya mkewe. Uso ukamwaka. Aibu ya mkojo alikuwa ameizoea kidogo, kama mtu azoeavyo kiatu kinachobana. Hii ilikuwa nyingine, na hapa hakuweza kusingizia tezi wala daktari. Aliifanya kwa mikono yake.

"Nisamehe," akasema.

"Nitakusamehe. Leo bado." Akashuka. Aliporudi alikuwa na futi ya kupimia, akapanda kwenye bodi na kuanza kupima.

Kuanzia hapo kazi ya kuchagua ikawa ya mkewe. Hema la juu hakutaka hata kulisikia: "Utashukaje, na mkojo una haraka kuliko wewe?" Maneno ambayo Taratibu alikuwa ameyakimbia mji mzima, mkewe aliyasema akiwa na pini mdomoni. Nailoni akaitupa, kwa sababu inapiga kelele kila mtu akigeuka. Akashona kava la ngozi bandia, lile la makochi, linalopanguswa kwa kitambaa, na juu yake tandiko nene la pamba la kubadilisha. Turubai iwe nzito, rangi ya kijivu, iinuke kiasi cha mtu kukaa kitako. Mlango uwe ubavuni, si nyuma, na pembeni ya kichwa pabaki nafasi ya ndoo yenye kifuniko. Kila alipotaja kitu, Taratibu aliitikia kwa kichwa huku akiangalia pembeni. Alihudumiwa, na kuhudumiwa kule kulimchoma.

Mkewe akampeleka pia hospitali. Daktari akamfundisha mazoezi ya kukaza misuli, akamuuliza kwa nini hakurudi mapema. Mkewe akamtazama ajibu. "Niliona haya," akasema, na daktari akaandika kama mtu aliyesikia jibu hilo kila siku.

Lakini fremu ya bomba haikuweza kukunjwa nyumbani. Mashine ya kukunjia alikuwa nayo Mama Turubai.

"Unakwenda wewe," mkewe akasema. "Na kwanza unamwomba radhi."

Walikwenda pamoja, ila mkewe akabaki garini. Taratibu akasimama mlangoni mwa banda kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shemeji," akasema, "siku ile nilikujibu vibaya. Hukuwa na kosa."

Mama Turubai akamwangalia juu mpaka chini. "Kosa sikuwa nalo, najua. Nilikuwa sijui mwenzangu una nini."

"Ni maradhi. Ya usiku."

Mwanamke yule akafumbua mdomo, na Taratibu akangoja swali. Halikuja. Macho ya Mama Turubai yalikwenda kwenye hema la juu na ngazi yake, yakarudi, na uso wake ukabadilika; akainama haraka kuchagua bomba. "Tufanye mlango ubavuni," akasema kwa upole, "upate kutoka upesi." Huo upole, na wepesi alioelewa nao, vilimtia Taratibu moto mpaka kwenye ncha za masikio. Mtu wa pili alikuwa ameshajua, na dunia ilikuwa inaendelea kukunja bomba.

Msimu ukaanza. Wenzake walilizunguka hema, wakalisifu. Mpimaji mkuu akabonyeza godoro na kusema ni kochi la waziri. Mazoezi yalikuwa yamesaidia. Kulikuwa na asubuhi alizoamka mkavu, na nyingine akapangusa ngozi, akabadili tandiko, akatoka na uso wa kawaida. Mkewe alikuwa amemsamehe, ila kulikuwa na deni moja ambalo hakumwondolea. Binti yao alipouliza, mama alimjibu: "Mwulize baba yako. Mdomo anao."

Kwa hiyo jioni moja, wapimaji wakiwa wanakusanya vyombo vyao, Taratibu akakaa kwenye ukingo wa bodi akapiga simu. Akamweleza binti yake yote, kwa sentensi fupi, kama anayetapika. Alipomaliza akasikia binti analia.

"Nisamehe, baba," akasema. "Mimi nilishamwambia mume wangu kwamba una mwanamke."

Mkwe wake! Kijana yule aliyemwamkia kwa kuinamisha kichwa, ambaye Taratibu hakuwahi hata kula mbele yake akiwa amevaa fulana.

"Mwambie si kweli," akasema.

"Nimwambie ni nini basi?"

Mpimaji mkuu akapita, akamwonyesha kwa mkono kwamba chakula kiko tayari. Taratibu angeweza kusema ni mgongo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, limezoea kazi.

"Mwambie ukweli," akasema mwishowe. "Lakini nikija kwenu, asinitazame kwa huruma. Anitazame hivyo hivyo alivyozoea."

"Nitamwambia, baba."

Akakata simu na kubaki ameketi pale, uso unamwaka, mpaka walipomwita tena kwa jina. Ndipo akashuka na kwenda kula na wenzake.